Upande wa Kushoto

Jumanne, baada ya zamu ghalani Shimanzi,
vumbi la chai bado limenishika kope,
kocha Badawi aliniletea kijana.
"Huyu Tsuma, wa Bombolulu. Anacheza tatu."
Akanyamaza, akaigeuzageuza filimbi yake.
"Mfundishe."

Tatu ni mimi.
Tatu ni mimi tangu enzi za jezi za pamba,
zile zikilowa zinakuwa nzito kama mtoto aliyelala.
Nikamtazama miguu: mikavu, mirefu, haina kovu.
Yangu ni daftari la deni,
kila winga aliyenipita ameandika jina lake.

Nikamfundisha.
Si kwa wema. Kwa haya.
Nikamwambia: usiutazame mpira, kitazame kiuno;
mguu hudanganya, bega hudanganya,
kiuno hakijajifunza.
Nikamwambia: kipindi cha pili, jua la saa kumi
litakuingia jichoni juu ya makontena yale,
basi sogea ndani hatua mbili,
mstari utajilinda wenyewe.
Nikamwambia ni refa yupi hupenda kuitwa mwalimu.
Nikamwonyesha kufunga goti kwa kipande cha leso,
si bandeji, bandeji huteleza.

Moja sikumwambia.
Karibu na kibendera cha kona, upande wa barabara ya malori,
kuna shimo, si kubwa, upana wa sinia,
nyasi zimelifunika.
Mpira ukifika pale haudundi, hulala.
Asiyejua huruka mapema,
na winga anauchukua kama aliyeokota sarafu.
Miaka kumi na moja nimekula kwa shimo lile.
Nikasema moyoni, kila mtu na akiba yake.

Usiku Mwanakombo akinikanda kwa mafuta ya nazi.
"Kijana anajua?"
"Anajua sana."
"Umemwambia yote?"
Nikasema chai leo imekolea tangawizi.
Hakucheka.
Akakandamiza palepale panapouma.

Jumamosi, orodha ikabandikwa mlango wa stoo.
Tatu: Tsuma.
Mimi kumi na sita, jezi inayobana kwapa.
Nikakaa, nikaruka.
Benchi letu lina msumari.
Miaka yote hiyo, na sikujua
kwamba benchi letu lina msumari.

Dakika ya sabini, bila kwa bila.
Winga wao, Mlikoni mmoja mfupi, msumbufu kama mbu,
akausukuma mpira mrefu kuelekea kibendera
na mimi nikaiona njia yake yote
kabla haujafika.
Nikasimama. Mdomo ukafunguka wenyewe:
"Tsuma! Shi—"

Kijana alikuwa ameshapunguza mwendo.
Alikuwa ameshauacha ulale.
Mlikoni akaruka, akapita na upepo wake,
na Tsuma akauzoa kwa wayo wa kushoto, taratibu,
vilevile nizoavyo mimi,
na bega la kulia likashuka kidogo,
nikagundua kumbe na langu hushuka.

Baadaye bombani, najimwagia maji kichwani,
akaja, viatu mkononi.
"Kaka Rubea, ulitaka kuniambia kitu?"
Nikamuuliza lile shimo alionyeshwa na nani.
"Hakuna mtu. Nikiwa darasa la nne
nilikuwa napanda ukuta ule pale, bila tiketi.
Nakuja kukutazama wewe tu.
Ukifika kwenye kona unapunguza. Kila mara.
Jioni moja watu walipoondoka
nikashuka, nikalipima kwa nyayo."

Maji yakaendelea kumwagika.
Mtu nyuma yangu akalalamika, wengine pia wana jasho.
Nikasogea.

Nikamwambia Jumanne awahi,
kurusha kwake mpira bado ni kwa kitoto.
Nikamwambia kwenye benchi kuna msumari,
upande wa kulia, ukikaa ukae kushoto.
Akacheka,
akadhani ni mzaha.